Mama Pole na Bomba la Kigari

Jina la Mama Pole alipewa na wenzake wa kazini, wala halikuwa na kejeli nyingi. Alikuwa mpokea simu katika ofisi ya maji, ghorofa ya pili, kwenye chumba chenye meza sita na feni moja, na kazi yake ilikuwa kuwasikiliza watu waliokasirika. Maji yamekatika tangu juzi. Bomba limepasuka mbele ya lango, barabara imegeuka mto. Mita inazunguka na nyumba haina mtu. Aliwasikiliza wote kwa sauti ile ile, laini, isiyopanda wala kushuka, na kila alipopata mwanya alisema, "Pole sana. Pole kwa usumbufu." Wenzake walikuwa wakichoka wanajibu mkato, mmoja aliwahi kumwambia mteja akinge mvua. Mama Pole hakuthubutu hata siku moja. Kwa hiyo simu zote zenye moto zilielekezwa kwake, kama watoto watundu wanavyopelekwa kwa yule shangazi mmoja wa ukoo anayejulikana kuwa hachapi.

Nyumbani aliishi na mama yake mzazi. Mume waliachana zamani, bila vita, na binti yake aliolewa mbali. Aliyebaki karibu alikuwa mdogo wake wa kiume, mwalimu wa hesabu wa sekondari, mtu wa miwani na mzaha, aliyekaa mtaa wa pili na mkewe na watoto wawili. Ndugu walikuwa wawili tu, yeye na huyo. Alimbeba mgongoni akiwa bado mtoto mwenyewe, hata majirani wakawa wanasema yule mtoto ana mama wawili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo.

Mwalimu huyo ndiye aliyekuwa na kigari. Kilikuwa kigari cha spoti, chekundu, milango miwili, viti viwili, kifupi hata ukiketi ndani unawatazama watu magotini. Alikinunua kimechoka, akawa anakitengeneza kidogo kidogo kila mwisho wa juma. Siku alipokileta nyumbani mkewe alimuuliza watoto watakaa wapi, juu ya boneti? Akajibu, "Watoto watapanda basi. Lazima wajifunze maisha."

Asubuhi moja, akiwa anapiga mswaki, akaanguka. Mkewe alisikia kikombe kikigonga sakafu, akadhani kimemponyoka. Walipofika hospitali alikuwa amekwisha kukata roho. Moyo, walisema. Ulisimama tu.

Msiba ule ulibebwa na Mama Pole. Nani akodishe viti, nani apokee wageni kituoni, maji ya kunywa, magodoro ya kulalia, cheti cha kifo, tangazo la redio, yote yalikuwa yake. Watu waliingia kwa vilio, wakamkumbatia mama mzazi, wakamkumbatia mjane, wakawapapasa watoto vichwa. Wakimfikia yeye, aliyekuwa amesimama mlangoni na kanga imefungwa kiunoni, walifuta machozi wakauliza, "Dada, sukari iko wapi?" Naye aliwaonyesha.

Hakulia. Mwanzoni alidhani ni kwa sababu hana nafasi. Nafasi ikapatikana, wageni wakaondoka, viti vikarudi kwa wenyewe, na bado hakulia. Haikuwa kwamba anajizuia. Hakukuwa na kitu cha kuzuia. Ilikuwa kama ganzi ya daktari wa meno: unaligusa shavu, unajua ni lako, lakini ungeambiwa ni la jirani ungekubali. Chakula kilipita kooni kama karatasi. Nguo alivaa iliyokuwa juu ya nyingine. Redio ikiwashwa haikumkera, ikizimwa hakugundua. Katika ukoo wengine walimsifu kuwa ni jasiri, na wengine wakanong'ona kuwa ana moyo wa jiwe, na maneno yote mawili yalimfikia, akayasikiliza kama anavyosikiliza habari za mita.

Kazini hakuna aliyeona tofauti. Sauti yake ilikuwa ile ile. Tena msimamizi alisema imeboreka.

Miezi ilikuwa imepita pale wifi yake alipompigia simu jioni moja.

"Wifi, naomba uje uchukue hiki kigari."

"Nikipeleke wapi?"

"Popote. Kila nikifungua dirisha la jikoni nakiona. Nikianika nguo nakiona. Jana nimejikuta nakisemesha."

"Ukakiambia nini?"

"Nimekitukana."

Mama Pole alifikiri kidogo. "Basi nitakuja Jumamosi," akasema.

Jambo ambalo wifi hakulisema, kwa kuwa hakulijua, ni kwamba mwalimu alikuwa amelitoa bomba la moshi. La zamani lilikuwa limeoza kwa kutu, akalifungua na kulitupa, akiwa na nia ya kuweka jipya. Kifo hakikungoja. Jirani alipoistua betri na Mama Pole akakanyaga mafuta, kigari kilitoa mshindo uliowafanya kuku wa nyumba tatu waruke ukuta. Wifi alitoka jikoni ameziba masikio. Watoto, ambao hawakuwa wamecheka siku nyingi, walicheka hadi wakakaa chini.

"Shangazi, umevunja nini?"

"Sijavunja kitu. Ndivyo kilivyo," akasema, japo hakujua kilivyo.

Akakiendesha hivyo hivyo. Mtaa mzima ulitoka milangoni. Mtu aliyekuwa ananyolewa kibarazani aligeuka ghafla, na kinyozi akapiga yowe kuliko yeye. Pale kwenye mzunguko, askari wa usalama barabarani alimwonyesha mkono asimame, akazunguka nyuma, akachungulia chini, akarudi dirishani akiinama sana kwa sababu dirisha lenyewe lilikuwa usawa wa mkanda wake.

"Mama, hii ni gari au mashine ya kusaga?"

"Pole sana, afande," akasema Mama Pole kwa sauti yake ya ofisini. "Pole kwa usumbufu."

Askari alimtazama kwa muda. Pengine alitegemea ubishi, au machozi, au jina la mkubwa fulani. Hakupata chochote cha kushika.

"Nenda kaitengeneze," akasema mwishowe. "Nikiiona tena inaunguruma hivi, nitailaza kituoni na wewe nikurudishe nyumbani kwa miguu. Umenisikia?"

"Nimesikia, afande."

"Kwa kelele hii sidhani."

Ndivyo alivyojikuta kwa fundi wa mabomba ya moshi.

Karakana ilikuwa mwisho wa barabara ya viwandani, paa la bati juu ya nguzo za chuma, sakafu nyeusi kwa oili. Mabomba yalining'inia kila mahali, mengine mapya yanang'aa, mengine yamepinda kama utumbo. Fundi mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, mnene, mwenye kofia iliyoungua ukingo kwa cheche. Walimwita Sikio. Mgeni angedhani ni kwa sababu anasikia sana. Kumbe lilikuwa moja tu linalosikia, la kulia. La kushoto liliharibiwa na kazi. Kwa hiyo alisikiliza kila kitu upande upande, watu na injini, kama kuku anayetazama mtama.

Alikitambua kigari kabla hakijasimama.

"Hiki ni cha mwalimu," akasema. Kisha akamtazama aliyeshuka, akavua kofia. "Wewe ni dada yake."

"Ndimi."

"Mnafanana paji la uso." Akairudisha kofia kichwani. "Nilifika kwenye mazishi. Nilikaa nyuma."

"Ahsante," akasema Mama Pole. "Nimeambiwa kinahitaji bomba."

Sikio akamweleza kwamba bomba la kiwandani la kigari kile halitengenezwi tena, na hata likipatikana litakuwa limeoza kama lile la kwanza. Itabidi lile la watengenezaji wengine, na ya aina hiyo anayo matatu yanayoingia. Akayashusha moja moja, akayalaza juu ya gunia.

La kwanza lilikuwa fupi, mdomo mpana kama kikombe cha chai, na sailensa yake, kopo la kumeza kelele, ilikuwa ya jina tu. "Hili ni la vijana," akasema. "Linaamsha mtaa. Nguvu haliongezi, linaongeza kelele, lakini mwenye nalo hutamwambia hivyo akakuelewa. Debe tupu haliachi kuvuma." La pili lilikuwa la chuma kisichoshika kutu, jembamba, sailensa moja nyuma, sauti ya katikati. La tatu lilikuwa zito, la chuma cha kawaida, sailensa kubwa kama mtungi. "Hili ni la kimya. Utapita na watu watadhani gari la ofisi. Ila kutu italila, si leo wala kesho, lakini italila."

"Yeye alitaka lipi?" akauliza Mama Pole.

Sikio akacheka, kisha akajikuta hajui kama anaruhusiwa kucheka, akamalizia kwa kikohozi.

"Dada, nikuambie ukweli? Alikuja hapa Jumamosi kwa Jumamosi. Anakaa kwenye tairi lile pale. Tunafunga hili kwa vibanio, tunawasha, anasikiliza. Tunafunga lile, anasikiliza. Ananiuliza kipenyo, ananiuliza joto, anachora hesabu kwa chaki hapo sakafuni. Halafu anasema, 'Fundi, ngoja nikafikiri.' Anakwenda. Mimi nikawa namwambia, mwalimu, watu wanaoa kwa haraka kuliko hii. Siku ya mwisho alitaka la kwanza. Juma kabla ya hapo, la tatu. Ukiniuliza mimi, alipenda kuchagua kuliko kununua."

Mama Pole alilitazama lile tairi. Lilikuwa tairi tu, limebonyea upande mmoja. Alingoja kuona kama kuna kitu kitamjia. Hakikuja.

"Basi weka lolote," akasema.

"Linaloitwa lolote halimo, dada. Ninayo haya matatu."

"Lililo bora."

"Bora kwa nani? Kuna anayetaka asikike na kuna anayetaka asisikike. Wewe ni yupi?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza swali la namna ile siku nyingi, na Mama Pole akajikuta anahangaika nalo kweli kweli, kama mtu anayetafuta ufunguo mkobani mbele ya mlango. Anataka asikike? Hapana. Anataka asisikike? Hapana vilevile. Alipekua, akapekua, mkoba ulikuwa mtupu.

"Yawashe nisikie," akasema, kwa sababu ilibidi aseme kitu.

Sikio akakipandisha kigari kwa jeki, akajilaza chini, akafunga la kwanza. Likaunguruma, misumari kwenye kopo mezani ikacheza. Akafunga la pili. Likatoa sauti nzito kidogo, ya kifuani, kama mwanaume anayeita mtu kutoka chumba cha ndani. Akafunga la tatu, na kigari kikanong'ona. Baina ya moja na jingine walingoja vyuma vipoe, wakanywa chai. Mama Pole alisikiliza yote matatu mikono ikiwa mapajani. Zilikuwa sauti. Ya kwanza kubwa, ya pili ndogo, ya tatu ndogo zaidi. Kama angeambiwa achague kati ya mawe matatu angeona tofauti kubwa zaidi.

"Enhe?" akauliza Sikio, amegeuza sikio lake jema.

Mkono wa fundi ulikuwa umepumzika juu ya lile la pili.

"Hilo," akasema Mama Pole.

"Umelipenda?"

"Limefaa."

Sikio akalifungua la tatu, akalirudisha hilo la pili chini ya kigari. Akalichomelea mahali pake, akakaza nati, akapangusa mdomo wa bomba kwa kitambaa kama mtu anayempangusa mtoto kamasi, akamkabidhi ufunguo.

Mama yake alikuwa barazani aliposikia kigari kikiingia. "Sasa limekuwa gari la watu," akasema. Akazunguka nyuma kulitazama lile bomba linalong'aa, akamkumbuka mwanawe, akalia. Mama Pole akamshika bega, akamkalisha, akaenda kuwasha jiko.

Alianza kwenda kazini na kigari kile, si kwa kupenda, ila kwa kuwa kipo na basi lilikuwa la kungoja. Safari yenyewe ilikuwa ya barabara kuu, ndefu, iliyonyooka, watu wote wakienda mwendo mmoja. Hapo ndipo mvumo ulipoanza. Mjini kigari kilikuwa na sauti nzuri tu. Lakini mshale wa spidi ukifika themanini na kutulia pale, kitu kilijaa ndani: vuuum, bila kupanda wala kushuka, si kelele, ila mvumo uliokaa kwenye meno, kwenye kiti, kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Akipunguza, ulikoma. Akiongeza hadi tisini na tano, ulikoma. Bali barabara ile kwa saa zile haikuruhusu sitini wala tisini na tano. Iliruhusu themanini.

Siku za mwanzo aliuchukua kama alivyochukua kila kitu. Ukaja asubuhi, ukaja jioni. Akafungua dirisha, ukabaki. Akaweka redio, ukaimeza. Akaanza kufika kazini ameuma meno, naye hajui kama ameuma. Jioni moja mama yake alimwekea sahani akasema, "Mwanangu, mbona unanuna?" Akashangaa. "Nimenuna?" Akaenda kwenye kioo cha bafuni. Kweli, alikuwa amenuna. Palikuwa na mkunjo kati ya nyusi ambao hakuukumbuka.

Kisha ikaja simu ya mzee mmoja. Ilikuwa siku ya kazi nyingi, mabomba ya mtaa mzima yamepasuka, na mzee yule alikuwa na shida ndogo kupita zote: koki ya serikali nje ya dirisha lake ilikuwa inadondosha. Alikwisha kupiga mara nyingi. Waliomjibu walimwambia kuna watu hawana maji kabisa, naye analalamikia tone.

"Sikilizeni," akasema mzee. "Mimi si maji ninayolilia. Maji yachukueni. Ni ile sauti. To. To. To. Naisikia hata nikiwa siisikii."

Mama Pole alifungua mdomo aseme pole kwa usumbufu. Kikatoka kingine.

"Najua," akasema. "Inakaa kichwani, si ndiyo? Ukiizoea ndiyo inazidi. Inachosha mpaka unataka kumpiga mtu."

Upande wa pili kiti kilikwaruza sakafu.

"Hasa," akasema mzee taratibu. "Hasa, binti yangu. Mpaka unataka kumpiga mtu."

Wenzake wa meza za jirani waligeuka. Mama Pole aliandika agizo la fundi wa koki, akalipigia mstari mara mbili hata karatasi ikachanika, akavua kifaa cha masikioni, akamwambia msimamizi, "Natoka," na kabla hajaulizwa anakwenda wapi alikuwa kwenye ngazi.

Alifika karakana kwa mwendo wa themanini njia nzima. Alifunga mlango wa kigari kwa nguvu hata kioo kikalia.

"Fundi! Njoo hapa!"

Sikio alitoka chini ya gari jingine, chombo cha kuchomelea bado kiko mkononi.

"Umeniuzia nini? Eh? Umeniuzia nyuki kwenye mtungi! Kila siku, kwenda na kurudi, vuuuum, kichwa changu kimekuwa ngoma! Wewe ni fundi wa mabomba au fundi wa kutesa watu? Nilikuambia uweke lililo bora!"

"Uliniambia lolote, dada."

"Usinijibu!" Alishangaa kusikia sauti yake ilivyo kubwa, na kwa kuwa ilikwisha kutoka akaiacha iende. "Wote mnaniuliza mimi! Dada sukari iko wapi, dada viti vingapi, dada unataka bomba lipi! Mimi najuaje? Gari si langu! Nilisema nataka gari? Na yeye naye! Mtu mzima, mwalimu wa hesabu, Jumamosi kwa Jumamosi yuko hapa anakunywa chai, anachora chaki sakafuni. Anafungua bomba, anatupa, anaacha tundu wazi, halafu anakwenda kufa! Anapiga mswaki na kufa! Nani aliyemwambia? Ananiachia mama, ananiachia wifi, ananiachia watoto, ananiachia na hiki kidude chake kinavuma! Ningekuwa nacho hapa hicho kichwa chake ningekizaba kofi!"

Karakana yote ilisimama. Mteja mmoja aliyekuwa anangoja gari lake alitazama viatu vyake. Mama Pole alikuwa anahema kama aliyepanda ngazi na ndoo. Uso ulikuwa unamwaka moto, na huo moto aliuhisi, kila mahali, hadi kwenye ncha za masikio.

Sikio hakumwambia pole. Hakumwambia kazi ya Mungu haina makosa. Aligeuza kichwa, sikio la kulia mbele, akauliza:

"Unavuma spidi ngapi?"

"Themanini!"

"Themanini kamili, au kuanzia sabini na kitu?"

Mama Pole akavuta pumzi. "Kuanzia sabini na nane," akasema. "Mpaka themanini na nane hivi. Hapo unaacha."

"Twende nikausikie."

Wakaenda, fundi amejikunja kwenye kile kiti cha pili, magoti kidevuni, kofia inagusa paa. Kwenye barabara kuu mvumo ukaja. Sikio akafumba macho. Akaweka kiganja sakafuni, akakiweka mlangoni, akakiweka kwenye paa.

"Una haki," akasema. "Huu ungemtoa hata nyoka shimoni. Kosa ni langu nusu. Nililisikiliza limesimama, sikulisikiliza linatembea. Bomba la urefu huu, kwenye mwendo huo, linaimba na bodi ya gari. Tutalikata katikati, tuweke kopo dogo la pili la kumeza mvumo. Au ukitaka nilitoe, nikuwekee lile la kimya."

"Lile zito?"

"Lile."

Mama Pole aligeuza kigari kurudi karakana. Alikuwa bado na hasira, na hasira ile ilikuwa na jambo moja la ajabu: ilikuwa inajua inachokitaka.

"Hapana," akasema. "Hili lina sauti nzuri mjini. Sitaki gari la ofisi, ofisi ninayo. Kata uweke kopo."

"Sawa."

"Na ukimaliza tutatoka tena pamoja, tulisikie. Sichukui ufunguo mpaka tulisikie likitembea."

"Sawa, dada."

Kazi ilichukua mchana uliobaki. Alikaa kwenye benchi nje akajikuta ana njaa, njaa ya kweli, ya tumbo kulalamika. Mwanamke aliyeuza mayai ya kuchemsha pembeni mwa barabara alimmenyea moja, akala, akaomba la pili, akaomba chumvi zaidi. La tatu alilimenya mwenyewe. Mwuza mayai akamwuliza kama ni mjamzito, naye akajibu kuwa kwa umri wake ingekuwa habari ya magazeti.

Mvumo haukuisha wote. Kwenye themanini na mbili ulibaki kidogo, kama mtu anayeguna usingizini chumba cha pili. Sikio alisema anaweza kuujaribu tena, Mama Pole akasema auache, huo anaweza kuishi nao.

Asidanganywe mtu kwamba siku ile ganzi ilitoka yote. Hakulia, si siku ile, si wiki ile. Asubuhi nyingi aliamka nayo imemjaa kama kawaida, na kazini alirudi kusema pole kwa usumbufu, ingawa sasa mara moja moja msimamizi alimsikia akimwambia mteja, "Hata mimi ingeniudhi," akawa anajiuliza kama hilo linaruhusiwa. Ila alianza kuchagua mambo madogo. Alihamisha kitanda chake upande wa dirisha. Aliliambia shangazi moja la ukoo, lililokuja kukaa siku mbili likafika wiki, kwamba chumba kinahitajika.

Wifi yake alimpigia tena. Shule alikokuwa akifundisha marehemu walitaka vitu vyake viondolewe, maana mwalimu mpya amekuja na droo ni moja. Wifi alikuwa ameahirisha na kuahirisha.

"Nikifika pale getini miguu inagoma," akasema. "Utanipeleka? Lakini si kwa kile kigari."

"Ninacho hicho tu, wifi."

Wakaenda nacho. Wifi aliingia kwa kujitupa kama anayeingia beseni, akafunga mkanda, akakaa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Njia ya shule ilipita barabara kuu. Mwendo ulipofika themanini, alisema:

"Hakipigi kelele."

"Nimekigombeza."

Wifi akatazama nje. Mle ndani mtu aliweza kusema kwa sauti ya chini na mwenzake akasikia, na labda hilo ndilo lililomfanya aseme.

"Wifi, siku zile zote nilikuwa nakutazama wewe. Nikiona umesimama, najiambia basi nyumba haijaanguka. Sikukuuliza hata siku moja wewe uko vipi."

Mama Pole alipita lori la mchanga, akarudi upande wake.

"Ungeniuliza nisingekuwa na la kujibu," akasema. "Mwenyewe sikuwapo."

"Na sasa?"

"Sasa nina hasira naye."

"Hasira?" Wifi aligeuka kumtazama, uso umefunguka kama aliyekuta mtu wa kwao ugenini. "Mimi kila siku! Nikikuta soksi yake namsema. Nilidhani ni mimi peke yangu nina roho mbaya."

"Tuko wawili."

Wakafika shule. Geti la shule lilikuwa wazi, wanafunzi wako madarasani, uwanja mtupu. Mlinzi alikitambua kigari, akainuka kitini, kisha akakaa tena. Mama Pole alikiegesha kwenye kivuli cha ukuta, akazima. Wifi alibaki ameketi.

"Tukae kidogo," akasema.

"Tukae."

Wakakaa. Vyuma vya chini vilikuwa vinapoa, vikilia tik, tik. Kutoka darasa moja ilisikika sauti ya watoto wakikariri kitu kwa pamoja. Baadaye Mama Pole alifungua mlango, akazunguka upande wa pili, akampa wifi mkono, kwa sababu viti vile viko chini mno na haiwezekani mtu kutoka peke yake bila kupiga magoti. Akamvuta. Wakaenda kwenye chumba cha walimu kufungua droo.